Jinsi ya kutunza nguvu zako katika kazi ya utafiti inayochosha

Kazi ya utafiti huchosha kwa namna yake. Mtu hushinda ameketi, hajabeba kitu kizito kuliko kompyuta, na jioni hana nguvu hata ya kuitikia salamu. Akiulizwa amefanya nini siku nzima, jibu halipatikani kirahisi. Amesoma, amefuta aya aliyoiandika jana, amerudia uchambuzi uliokataa, amesubiri barua pepe ambayo haikuja. Hana kitu kilichokamilika cha kumwonyesha mtu.

Kiini cha uchovu huu kiko hapo. Wingi wa saa ni sehemu tu ya tatizo. Nguvu nyingi huliwa na mambo yaliyobaki wazi: swali lisilo na jibu, rasimu iliyoko kwa msimamizi, makala iliyoko kwa wahakiki wa jarida, mkataba unaokaribia kuisha. Nyingine huliwa na kule kurukaruka kutoka kazi hii hadi ile kabla ya kwanza haijatulia kichwani. Ndiyo maana siku tatu za mapumziko mara nyingi hazisaidii. Mwili umelala, lakini mambo yale yale yamebaki wazi, nawe umeyabeba hadi kitandani.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamivu, mtafiti msaidizi, mtafiti wa mkataba mfupi, na mhadhiri anayefundisha huku akidaiwa makala. Usizianze hatua zote kwa pamoja. Ya kwanza ni ya lazima, na zinazofuata uzichague kulingana na kile ambacho ya kwanza itakuonyesha.

Hatua ya 1: Andika nguvu zako zinakwenda wapi

Kabla ya kugusa ratiba, kusanya ushahidi. Kazi hiyo tayari unaijua. Kwa wiki mbili weka daftari dogo kando ya kompyuta, na mara nne au tano kwa siku andika saa, ulichokuwa ukifanya, na kiasi cha nguvu ulichonacho kwa kipimo cha 0 hadi 5. Sifuri ni pale unaposoma sentensi moja mara tatu bila kuielewa. Tano ni pale unaposahau kuangalia saa. Ukigundua jambo, ongeza maneno machache. Siku moja inaweza kuonekana hivi:

Saa 3:10 asubuhi. Nimesafisha data ya awamu ya pili. Nguvu 4.
Saa 5:30. Kikao cha kikundi. Nguvu 2. Sikusema kitu, nilikaa nikisubiri kuulizwa.
Saa 8:30 mchana. Nimesoma makala moja, sikumbuki jedwali la pili lilisema nini. Nguvu 1.
Saa 10:15. Nimetembea kidogo, nimerudi, nimechora grafu mbili. Nguvu 3.
Saa 2 usiku. Nimefungua barua pepe "kuangalia tu". Nguvu 1.

Tazama mstari wa kikao. Aliyeandika angeweza kusema vikao vinamchosha na kuishia hapo, lakini maneno yake mwenyewe yanasema kilichomchosha ni kukaa akisubiri kuulizwa. Hilo lina dawa: amwombe anayeongoza kikao awe wa kwanza kutoa taarifa, kisha awasikilize wenzake akiwa ametulia. Tazama pia mstari wa grafu. Nguvu zilipanda kutoka 1 hadi 3 mchana huo huo, ingawa kazi iliendelea. Alikuwa amebadilisha aina ya kazi na kuusogeza mwili.

Tumia karatasi, usitumie simu. Ukiishika simu ili uandike nambari moja, utakuta jumbe tano zimekusubiri, na kipimo kitakuwa kimeharibu kile unachokipima.

Wiki mbili zikiisha, kaa na daftari kwa muda wa nusu saa. Tafuta saa ambazo nambari hurudi kuwa juu siku baada ya siku, na saa ambazo huanguka hata ufanye nini. Tafuta kazi zinazokuacha chini kuliko zilivyokukuta. Kisha angalia kitu ambacho wengi hukisahau: siku inayofuata. Kuna kazi zisizokuchosha siku ileile ila hukuachia kesho yake nzito, na kazi ya usiku wa manane huongoza kwa hilo.

Hatua ya 2: Zijue saa zako za kazi nzito, kisha uzilinde

Mwili una saa yake ya ndani inayozunguka kwa takribani saa 24. Ndiyo inayopandisha na kushusha joto la mwili, homoni na uangavu wa akili. Watu hawafanani. Wapo wanaoamka wakiwa na akili wazi, na wapo ambao akili hufunguka jioni. Tofauti hiyo kwa sehemu ni ya kurithi, na hubadilika kadiri umri unavyosonga. Ile hali ya kusinzia mchana nayo ni sehemu ya mzunguko huo, na huja hata kwa mtu ambaye hajala. Usiione kuwa ni uvivu.

Swali la pili ni saa ngapi za kazi nzito mtu anaweza kuzimudu kwa siku. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya wapiga violini wa Berlin. Hoja yao ilikuwa kwamba mazoezi yanayodai umakini wote hayawezi kuendelezwa siku baada ya siku kwa zaidi ya takribani saa nne, tena zikiwa zimegawanywa na mapumziko. Watafiti wakubwa wa zamani walikuwa wamefika huko bila kuambiwa. Mwanahisabati Henri Poincaré alifanya kazi yake ya hisabati kwa saa mbili asubuhi na saa mbili jioni. Charles Darwin, alipokuwa Down House, aliigawa kazi yake katika vipindi vifupi, huku matembezi kwenye njia yake ya mchanga yakiwa sehemu ya ratiba ya kila siku.

Kwa hiyo panga siku yako ukijua una saa tatu au nne nzito, labda mbili ukiwa umechoka. Hili ni gumu kulikubali, kwa sababu taasisi nyingi hupima kuonekana: nani amewasili mapema, taa ya nani bado inawaka. Lakini anayekaa kwenye dawati saa kumi huku akili yake imefanya kazi mbili hajawazidi wenzake kitu. Amejinyima zile nane ambazo zingemrudishia nguvu.

Sasa gawa kazi zako kwa uzito wa akili. Umuhimu uweke kando kwa muda. Nzito ni kuandika hoja kutoka mwanzo, kubuni jaribio, kutafuta kosa katika uchambuzi, na kusoma kwa makini makala inayopingana na yako. Za kati ni kusahihisha rasimu, kuandaa somo, na kuchora michoro. Nyepesi ni kupanga marejeo, kujaza fomu, kuyapa mafaili majina yanayoeleweka, na kuagiza vifaa. Ziandike nyepesi kwenye orodha moja uiweke karibu. Saa ya mchana ikifika na nambari imeshuka hadi 1, hutakuwa na nguvu za kuamua ufanye nini, na orodha itakuwa imekuamulia.

Kosa la kawaida ni kuanza asubuhi na barua pepe na fomu ili "kusafisha njia", halafu kuipeleka hoja ngumu mchana wakati akili imelala. Geuza mpangilio huo. Kama una watoto wa kuwapeleka shule, au zamu za maabara zinaamuliwa na mwingine, hutapata saa tatu mfululizo. Tafuta dakika 50 ambazo hakuna anayekudai, hata kama ni mara nne tu kwa wiki, na uziandike kwenye kalenda kama kikao. Mtu akiuliza, una kikao.

Hatua ya 3: Punguza kurukaruka

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akiacha kazi moja na kushika nyingine, sehemu ya umakini wake hubaki kwenye ile ya kwanza, hasa kama haikumalizika. Mtafiti anayeandika mbinu za utafiti huku akijibu ujumbe wa wanafunzi na kuitazama programu ya takwimu inayoendelea kukokotoa hafanyi kazi tatu. Ana masalia ya kazi tatu, na jioni atajiuliza kwa nini amechoka wakati hakuna iliyosonga.

Fungua barua pepe mara mbili au tatu kwa siku, kwa saa ulizozichagua, na uzime arifa katika muda mwingine wote. Kama kazi yako inahitaji ufikiwe haraka, kwa mfano washiriki wa utafiti wako nyanjani, tenga njia moja kwa ajili ya dharura na uwaambie wote ni ipi. Programu ikiwa inakokotoa kwa dakika arobaini, fanya kazi nyepesi isiyohitaji kukumbuka chochote, kama marejeo. Usianze sura mpya.

Kukatizwa hakutakwisha. Mwenzako atagonga mlango, simu ya maabara italia. Leroy na Theresa Glomb waligundua, katika utafiti wa 2018, kwamba kuandika kwa kifupi umefikia wapi na utaanzia wapi ukirudi hupunguza masalia hayo. Kwa hiyo mgeni akigonga, mwambie, "Nipe nusu dakika," andika mstari mmoja, kisha mgeukie kikamilifu. Mstari kama "nilikuwa nathibitisha kama kundi la tatu lina wastani tofauti, kwanza angalia safu ya G" unatosha.

Hatua ya 4: Ifunge siku kwa maandishi

Nikiambiwa nichague hatua moja tu baada ya daftari, nitachagua hii. Utafiti haufiki mwisho wake jioni. Mwalimu husahihisha daftari la mwisho akafunga kabati, fundi hukabidhi kiti, lakini mtafiti huacha kazi katikati kila siku kwa miaka. Usipoifunga mwenyewe, akili itaendelea nayo wakati wa chakula, bafuni na kitandani.

Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba malengo yasiyotimizwa huingilia mawazo ya mtu, na kwamba kuweka mpango mahususi wa kuyatimiza hupunguza huko kuingiliwa, hata kama kazi yenyewe haijafanywa. Jioni, basi, akili haidai umalize. Inadai ijue utafanya nini na lini.

Tenga dakika 15 za mwisho. Acha kazi ukiwa bado unajua hatua inayofuata. Usisubiri ukwame, kwa sababu aliyekwama hana cha kuandika zaidi ya "endelea na sura ya nne", na sentensi hiyo haimfungi mtu mawazo. Ujumbe mzuri wa jioni unafanana na huu:

Nimeishia: jedwali la 3, safu ya umri.
Tatizo: washiriki 14 hawana umri. Ama haukuingizwa, ama hawakujibu.
Kesho kwanza: toa fomu za karatasi za kundi B, linganisha moja moja.
Kama ni kosa la kuingiza: sahihisha na urudie jedwali. Kama hawakujibu: andika sentensi kwenye mbinu.
Kisiguswe kesho: utangulizi.
Kinachosubiri wengine: rasimu kwa msimamizi, nimwulize Alhamisi kama kimya.

Mstari wa nne umeshaamua njia zote mbili, kwa hiyo hakuna la kutafakari usiku. Wa tano unazuia ile tabia ya kukimbilia utangulizi kila kazi ngumu inapotishia. Wa mwisho ndio wenye nafuu kubwa zaidi. Jambo lililo mikononi mwa mtu mwingine limepewa siku yake, na hadi Alhamisi huna haja ya kulifikiria.

Kisha funga kompyuta. Ukikumbuka jambo usiku, liandike kwenye karatasi iliyo kando ya kitanda. Usiifungue tena mashine.

Hatua ya 5: Usingizi, kafeini na mwili

Haya umeyasikia mara nyingi, nitayapitia haraka na kukaa tu pale yanapogusa kazi ya utafiti.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa angalau saa saba. Mwaka 1997 Drew Dawson na Kathryn Reid walichapisha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya kazi inayohitaji uratibu wa macho na mkono kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza mtu kuendesha gari. Aliyeamka saa 12 asubuhi hufika hapo saa 5 usiku, saa ambayo watafiti wengi wanafuta safu za data na kuamua nani aondolewe kwenye sampuli. Ukilazimika kufanya kazi usiku, fanya zile nyepesi, na usifanye chochote kisichoweza kurudishwa. Hifadhi nakala kabla ya kugusa faili.

Kafeini haiongezi nguvu. Huziba mahali ambapo adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri unavyokaa macho, ingekaa na kukupa usingizi. Uchovu uko palepale, umefichwa. Nusu ya kafeini huondoka mwilini baada ya takribani saa tano, ingawa watu hutofautiana sana na kwa mjamzito muda huo huwa mrefu zaidi. Kikombe cha saa 10 jioni, basi, kinaweza kuwa na nusu yake mwilini saa 3 usiku. Kiache kabla ya saa 8 mchana uone wiki mbili zitaandika nini kwenye daftari lako.

Usingizi mfupi wa mchana wa dakika 10 hadi 20 husaidia. Ukizidi hapo unaweza kuamka mzito kuliko ulivyolala. Na tembea. Miguu ikisogea, macho hupumzika kutoka kwenye kioo cha kompyuta, na mara nyingi sentensi iliyokataa hujipanga yenyewe njiani.

Hatua ya 6: Kazi zinazouma zina ratiba yake

Daftari lako litakuonyesha kundi la kazi ambazo si ngumu kwa akili, ila zinauma: kusoma maoni ya wahakiki, kuandika ombi la fedha baada ya lililopita kukataliwa, kufungua rasimu iliyorudi imejaa maandishi mekundu. Kazi hizi huchosha hata kabla hazijaguswa. Mtu hushinda siku nzima akiikwepa barua moja, na kuikwepa kukamchosha kuliko kuijibu.

Kwa maoni ya wahakiki, fuata mpango huu. Yafungue siku ambayo huna kazi nzito inayofuata, na usiyafungue usiku wala dakika tano kabla ya kuingia darasani. Soma mara moja hadi mwisho, kisha funga. Siku hiyo usijibu wala usipange majibu. Kesho yake, au keshokutwa, tengeneza jedwali la safu tatu: maoni yenyewe, utakachofanya, na muda utakaohitaji. Yakate maoni vipande vipande. Aya moja ya mhakiki mkali mara nyingi ina madai manne, mawili kati yake ni ya kuongeza sentensi tu. Halafu yapange katika mafungu: ya kurekebisha papo hapo, yanayohitaji uchambuzi mpya, na yale usiyokubaliana nayo. Fungu la kwanza lipeleke kwenye zile saa za nguvu 1 na 2. La pili linastahili saa zako nzito. La tatu mwonyeshe kwanza mwenzako asiyehusika na makala hiyo, maana hasira huifanya hoja sahihi isomeke kama ugomvi.

Utashangaa jinsi kurasa tatu za lawama zinavyopungua zikishakuwa jedwali. Maneno ya kuumiza hayapati safu ya kukaa.

Kuna maumivu ya aina nyingine ambayo vyuo vingi havisemi lolote juu yake. Wapo watafiti ambao data yao ni maisha ya watu: mahojiano na waliofiwa, waliodhulumiwa, wagonjwa, wakimbizi. Mtu huketi mbele ya mama anayesimulia kifo cha mtoto wake, anaitikia kwa kichwa, anaandika. Kisha anakwenda kunukuu mahojiano hayo, yaani kuyaandika neno kwa neno kutoka kwenye rekodi, ambako sekunde kumi husikilizwa mara tatu au nne hadi neno lisikike. Baadaye anayasoma tena kwa ajili ya kupanga mada, tena kuchagua dondoo, tena kwenye rasimu. Mama amesimulia mara moja, mtafiti amesikia mara nyingi. Hilo humwingia mtu, na dalili zake ni ndoto mbaya, kukereka na mambo madogo, au ganzi inayomfanya asisikie chochote mbele ya simulizi inayofuata.

Kama kazi yako ni hii, weka kikomo cha mahojiano mazito kwa siku kabla hujaenda nyanjani, na ukiandike kwenye mpango wa utafiti ili msimamizi na wafadhili wakione. Usinukuu mahojiano mazito mawili mfululizo. Katikati weka kazi isiyo na watu ndani yake. Usiyasikilize usiku, wala chumbani unakolala. Tafuta mtu mmoja ndani ya timu ambaye mnaweza kuzungumza baada ya kila siku ya nyanjani. Mwelezane kilichowakuta ninyi mliosikiliza, na siri za washiriki ziachwe zilipo. Na ukiandika bajeti ya mradi, weka humo fungu la ushauri nasaha kwa watafiti na wanaonukuu. Mnukuzi anayelipwa kwa dakika, akiwa peke yake na vipokea sauti masikioni, ndiye anayesahauliwa kuliko wote.

Hatua ya 7: Zungumza na msimamizi kabla hujaanguka

Wengi husubiri hadi wakose tarehe, kisha huomba radhi. Msimamizi naye kwa kawaida hana picha kamili. Anakumbuka kazi aliyokupa yeye, na ya kufundisha, ya kamati na ya mradi mwingine haimo kichwani mwake. Mpe picha hiyo kwenye karatasi, na umwombe uamuzi. Ukimwomba huruma atakuhurumia, na mzigo utabaki ulivyo. Ujumbe unaweza kuwa hivi:

"Habari za kazi, Profesa. Kwa sasa nina mambo manne: uchambuzi wa sura ya tatu, makala tuliyoahidi kuirudisha kabla ya mwezi kuisha, kusahihisha mitihani, na ripoti ya mradi. Nimehesabu saa na haziwezi kuingia zote mwezi huu kwa ubora unaotakiwa. Pendekezo langu ni kumaliza makala na mitihani, sura ya tatu isogee hadi katikati ya mwezi ujao, na ripoti nisaidiwe sehemu ya fedha. Je, unakubali mpangilio huu, au kuna ambacho kwako hakiwezi kusubiri?"

Ujumbe huu haujisifu wala haulalamiki, na mwisho wake ni swali lenye majibu mawili tu. Akijibu "vyote ni muhimu", mrudishie kwa adabu: kipi kianze? Hata msimamizi mkali hujibu swali la mpangilio, kwa sababu ni swali la kazi.

Kazi mpya ikiletwa kwa mdomo, usikubali palepale. "Naomba niangalie ratiba nikujibu kesho asubuhi" inatosha, hata kwa mkubwa wako. Mengi huletwa kwa aliyekubali haraka, na asiyejibu papo hapo hukuta jambo limeshapata mtu mwingine.

Hatua ya 8: Panga na majira

Wiki za mwisho kabla ya kuwasilisha tasnifu hazitakuwa na saa tatu nzito kwa siku. Zitakuwa na saba au nane, na hilo halina ubaya likiwa na tarehe ya kuisha. Hatari ni pale tarehe moja inapofuatwa na nyingine bila pengo, maana mbio za sakafuni huishia ukingoni. Unapoandika tarehe ya kuwasilisha kwenye kalenda, andika papo hapo na siku za kupoa baada yake, kabla mtu mwingine hajazijaza. Siku hizo fanya kazi nyepesi tu, au usifanye kabisa.

Kila wiki iwe na siku moja nzima isiyo na utafiti. Kusoma "kidogo tu" siku hiyo kunaihesabu kuwa siku ya kazi.

Hatua ya 9: Ujue uchovu unapokuwa jambo jingine

Uchovu wa kawaida hupungua ukipumzika. Kama umelala vya kutosha kwa wiki kadhaa, umepunguza mzigo, na nambari kwenye daftari bado ni 1 na 2 kutwa, acha kurekebisha ratiba na utafute sababu.

Anza na mwili. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, kisukari na kukosa pumzi usingizini huleta uchovu unaofanana kabisa na wa kazi, na daktari anaweza kuupima. Watu hujilaumu miaka mizima kwa jambo ambalo kipimo cha damu kingelionyesha.

Kisha kuna kile kiitwacho kwa Kiingereza burnout, ambacho Shirika la Afya Duniani lilikieleza mwaka 2019 katika orodha yake mpya ya magonjwa, kama hali itokanayo na kazi na si ugonjwa: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona hufanyi lolote la maana, kwa sababu ya mkazo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Dalili ya pili ndiyo ya kuiangalia sana. Mtafiti aliyekuwa akilipenda swali lake, sasa likitajwa anahisi kero, amevuka uchovu wa kawaida. Na ikiwa huzuni au kutopenda chochote imekuwapo karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, hata nje ya kazi, muone mtaalamu wa afya ya akili. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo leo na utafute msaada leo leo. Kazi yoyote inaweza kusubiri hilo.

Hauko peke yako katika hili. Mwaka 2018 Teresa Evans na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Biotechnology matokeo ya kuwauliza wanafunzi wa shahada za juu 2,279 kutoka nchi 26. Asilimia 41 walikuwa na dalili za wasiwasi, na asilimia 39 za sonona, za kiwango cha kati hadi kikali. Waliojibu walijitokeza wenyewe, kwa hiyo si kipimo cha wanafunzi wote, lakini wingi huo unatosha kuonyesha kwamba tatizo haliko kwa mtu mmoja asiyejua kupanga siku.

Ndiyo maana hatua za juu zina kikomo. Hakuna daftari litakalotibu mkataba unaohuishwa kila baada ya miezi mitatu, msimamizi anayetukana, au maabara ambayo kulala humo ndiyo kipimo cha bidii. Hapo fikiria kuhama: kubadilisha msimamizi, kundi, chuo, au kuacha utafiti kabisa. Ni uamuzi halali, na watu wenye akili kubwa wameufanya. Ufanye ukiwa na nguvu kiasi, usisubiri wiki mbaya kuliko zote.

Kabla hujamwambia mtu kuwa unaondoka, pata kwa maandishi makubaliano ya nani atakuwa mwandishi wa makala gani, na jina lako litakaa wapi. Uliza sheria za taasisi kuhusu data: ipi unaruhusiwa kuchukua nakala, ipi inabaki kwa sababu ya ridhaa ya washiriki. Toa nakala za karatasi za ujumbe muhimu wenye yale mliyokubaliana na msimamizi. Omba barua za kupendekezwa mapema, kutoka kwa watu wawili angalau ambao si yeye. Kagua kama ruzuku au udhamini wako una sharti la kurudisha fedha ukikatiza, na kama una likizo ya ugonjwa ambayo hujaitumia. Ikiwapo, itumie kwanza, kisha uamue.